Babu Tuliyemnunua Ghubra

Kaka yangu alipomaliza kujenga nyumba yake Amerat, nje ya Maskati, alijikuta ana kila kitu isipokuwa babu. Majlisi yake, ukumbi wa wageni, ilikuwa kubwa ya kuweza kuchezea mpira. Alitia mapazia ya rangi ya dhahabu, mito ya kuegemea isiyo idadi, na taa ya vioo iliyoning'inia katikati kana kwamba inamchagua mgeni wa kumwangukia. Kuta nne zikabaki nyeupe, tupu. Majirani zake ni watu waliotoka miji ya ndani, huko milimani, na kwao ukuta wa majlisi huwa na babu: mzee kakaa, jambia kiunoni, bunduki begani, uso wa mtu asiyetaka kupigwa picha. Sisi babu zetu walizikwa Unguja. Picha zao, kama zilikuwepo, zilibaki ndani ya nyumba ambazo hatukurudi kuzifunga milango.

Kaka si mtu wa kushindwa na ukuta. Akaenda Ghubra, kwenye duka moja la samani, akarudi na picha iliyohitaji watu watatu kuishusha garini.

Ilikuwa nakala ya mchoro wa Mfaransa mmoja wa zamani. Mimi ni mwalimu wa kuchora, skuli ya wasichana, mwaka wa ishirini na sita sasa, kwa hivyo bwana huyu namjua vizuri kuliko ninavyowajua baadhi ya jamaa zangu. Alikuwa mmoja wa wale wachoraji waliosomeshwa chuoni kwao mpaka wakaweza kuchora kila uzi wa zulia, na wakaridhika hapo. Alikuwa na biashara mbili. Ya kwanza ilikuwa Warumi wa kale: makaisari, simba, na wanaume vifua wazi wanaouana mbele ya watu walioshiba. Ya pili ilikuwa sisi. Wanaume wa Mashariki wanasali, wanauza mazulia, wanasinzia mchana. Wanawake wa Mashariki wanaoga. Ukimfuata yeye, mama zetu walikuwa hawatoki bafuni.

Safari alisafiri, nisimdhulumu. Alifika Misri na kwingineko, akanunua majoho, vilemba, panga na mabirika, akayapakia masandukuni akarudi nayo Parisi. Huko ndiko alikotuchorea. Alikodi watu wa mjini kwao, akawavisha vile vitu vya masandukuni, akawaambia wasimame na wasitikisike. Wazungu wakaona, wakasema, naam, Mashariki ndiyo hii.

Na sasa Mashariki hiyo ilikuwa imeegemezwa ukutani Amerat, kaka yangu anaitafutia misumari. Ilionyesha safu ya wanaume wanasali msikitini. Nikisema safu nawastahi. Mmoja kafunga mikono kifuani, wa pili kaiinua viganja mbele kama anasimamisha gari, wa tatu kageukia pembeni kabisa, ana kibla chake mwenyewe. Nyuma yao alikuwepo mtu nusu uchi, aliyeingia msikitini nadhani kujikausha. Mbele ya wote, peke yake, alisimama mzee wa ndevu nyeupe, joho la kijani, upanga kiunoni, mikono kaiacha ikining'inia mapajani.

Mikono hiyo ndiyo iliyotuponza. Sisi Maibadhi tunasali mikono chini, hatuifungi kifuani kama wafanyavyo Waislamu wengi wengine. Unguja mtu ulikuwa ukimjua kwa mgongo: mikono chini, huyo wetu. Basi mama yetu, aliyepita miaka themanini na anaishi hapo kwa kaka, aliletwa aione picha na kuitia baraka. Akaitazama akiwa amesimama na mkongojo wake.

"Mikono kaiacha," akasema. "Wetu huyu." Kisha akaongeza, "Babangu alikuwa akisimama vivi hivi."

Hayo tu. Mimi nilikuwepo, na ni shahidi. Hakusema huyu ni babangu, wala hakusema anafanana naye. Alisema alikuwa akisimama hivi. Nikawaeleza, kwa faida ya wote, kwamba Mfaransa yule hakuwa na habari ya Maibadhi, na kwamba pengine mtu wake wa kukodi alichoka tu, mikono ikashuka.

"Nani kakuuliza?" kaka akasema. Ni swali ambalo ameniuliza tangu utotoni na sijapata kulijibu.

Jambo lenyewe lilikua polepole, kama tumbo la mtu aliyestaafu. Wiki ya kwanza mzee wa pichani alikuwa "anafanana na babu." Ramadhani wageni wakaja kufuturu, mmoja akauliza, babu yenu huyu? Kaka akammiminia kahawa. Kaka yangu ana namna ya kumimina kahawa ambayo ni sawa na kujibu, na baadaye huwezi kumshika kwamba alisema kitu. Kufika Idi yule mzee alikuwa Babu, bila ya kufanana na mtu. Wakamwekea na taa yake ndogo ya shaba juu ya fremu, iwake usiku na mchana.

Mimi Mungu kanipa ulimi na kanipa ukaidi wa kuutumia. Nikaanza kumwuliza kaka, mbele ya watu, babu alipata wapi joho la kijani, na kwa nini kaingia na upanga kwenye sala. Akawa ananialika mara chache.

Halafu nikamkuta Babu Roma. Nilikuwa natayarisha somo la mwanga na kivuli, nafungua picha moja moja kwenye kompyuta ya skuli, nikafika kwenye uwanja wa kupigana wa Warumi, kazi ya Mfaransa yule yule. Katikati ya mchanga kasimama mpiganaji, wavu begani, mguu juu ya kifua cha mwenzake. Ndevu hana. Lakini pua ile iliyovunjika ikalala upande wa kushoto, na lile sikio lililochanika chini, yalikuwa ya mzee wetu wa Amerat. Mfaransa alimkodi mtu mmoja kwa biashara zote mbili. Siku moja alimvisha joho na kumsalisha, na siku nyingine akamvua vyote, akamwachia kitambaa ambacho usingefungia hata mkate.

Sikumbuki kufurahi vile tangu nilipopata leseni ya gari. Nilipanda barabara ya mlimani kwenda Amerat naimba. Nikamkuta kaka peke yake majlisini, nikamwekea simu chini ya pua.

"Babu yako huyu," nikasema. "Siku ambayo nguo zake ziko kwa dobi."

Akatazama simu, akatazama ukuta, akatazama simu tena. Nilimwona anaona.

"Futa," akasema.

"Si yangu, kaka. Iko makumbusho."

"Futa hapo kwenye simu yako."

Sikufuta. Nilikwenda mpaka duka la Ghubra kutafuta ushahidi zaidi, maana nilikuwa nimeshageuka askari kanzu. Mwuzaji alikuwa Mkenya, kijana mchangamfu mwenye tai, na nyuma yake niliwahesabu babu zetu watano wameegemezwa ukutani, wote kwenye nailoni.

"Hiyo inauzika sana, madam," akaniambia. "Kila mteja akiiona anasema, aki huyu anakaa guka yangu. Yaani anafanana na babu yake. Nikuwekee yako?"

Nikamwambia asante, mimi ninaye.

Sasa mpwa wangu. Sijamtaja kwa sababu mpaka hapa hadithi ni ya kuchekesha. Ni binti wa kaka, mfamasia, msichana mwenye akili zake na asiye na makuu. Hospitalini alikofanya kazi alimpenda mwenzake, na mwenzake akampenda, na kwa mwaka mzima wakafanya mambo ya heshima: akamwambia mama yake, mama yake akamwambia mama wa binti, chai ikanywewa. Familia ya mwanamume ni ya miji ya ndani, watu wa majina marefu. Kwao neno la mwisho lilikuwa la ami yake, kaka mkubwa wa baba. Ami huyo alikuwa ameshauliza upande wa baba yetu, akaridhika. Kilichobaki kilikuwa upande wa mama.

Mama yangu ni mweusi. Nasema wazi kwa sababu kwetu jambo hili husemwa kwa kuzunguka. Husemwa "kachukua rangi ya Unguja," au "jua la kule kali," kana kwamba jua la Maskati ni la mapambo. Mawifi zake walisema hivyo tangu yuko bibi harusi, na watu wa posa walikuwa wameanza kusema hivyo kwa upole zaidi, ambao ndio ubaya zaidi. Na mzee wa ukutani, kwa taa yake ya shaba, alikuwa mweupe kama sahani. Yote haya nilikuwa nayajua, na sikuyaweka pamoja. Mimi nilikuwa nashughulika na Roma.

Siku mbili kabla ya ami kuja, mpwa wangu alinifuata nyumbani kwangu. Hakukaa. Alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Shangazi, nnakuomba. Hiyo simu yako, siku hiyo iache mkobani. Siku moja tu."

"Unataka kuolewa kwa babu wa dukani?"

"Nnataka kuolewa na yeye," akasema. "Nnampenda, shangazi. Sina maneno mengine."

Nikamwahidi. Ilikuwa ahadi ngumu kuliko zote nilizopata kutoa.

Ami alikuja Ijumaa baada ya Alasiri, na wanaume watatu. Alikuwa mzee mwembamba, msafi, mwenye harufu ya udi na macho ya mtu anayekagua mbuzi. Wanawake tulikuwa chumba cha pili, mlango wa kati umeachwa wazi kidogo, na mimi nilikuwa nimekaa karibu nao kwa bahati tu, kama kawaida yangu. Halwa ikapita, kahawa ikapita, wakaulizana hali mpaka hali zikaisha. Kisha ami akanyanyua kidole kuelekea ukutani.

"Na huyu nani?"

Nilingoja kusikia kahawa inamiminwa. Haikumiminwa.

"Jaddi," kaka akasema. "Baba wa mama."

Alisema kwa Kiarabu safi, bila kukohoa. Ami akainuka, akaenda mpaka kwenye picha, akaikagua mikono. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mashaallah, akasema, uso wa watu wa kwetu kabisa. Akazidi kuitazama, akasema marehemu baba yake lazima alimjua mtu huyu, na kwamba yeye mwenyewe, utotoni, anakumbuka kama aliwahi kusali naye safu moja. Nilijiuma shavu kwa ndani. Mtu wa kukodi wa Parisi, mshindi wa Roma kifua wazi, alikuwa sasa amesali pia kwenye milima ya Oman. Uongo wa kaka ulikuwa umepata ndugu.

Kisha ami akaomba kumsalimia bi mkubwa. Nikamshika mama kiwiko, nikamwingiza taratibu, shela yake nyeusi na mkongojo wake. Wanaume wakasimama. Ami akainamisha kichwa, akamwombea afya, akamwambia: Mungu amrehemu baba yako, nuru yake tunaiona hapa.

Mama akageuka kuitazama picha. Kwa mwaka mzima alikuwa akikaa kwenye kiti chake kilichoipa mgongo, na hata hilo nililigundua pale tu.

"Huyo si babangu," akasema.

Kaka akacheka. "Mama macho yake siku hizi..."

"Macho yangu mazima." Akamgeukia ami. Mama yangu huzungumza Kiswahili na Kiarabu kwa pamoja, sentensi moja ina vyote viwili, lakini siku ile alichagua maneno ya Kiarabu, moja moja, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. "Babangu alikuwa mweusi. Mweusi kuliko mimi, na mimi unaniona. Mama yake alikuwa mwanamke wa bara, wa upande wa Tabora, na babangu alikuwa akimpenda kuliko mtu yeyote duniani. Alikuwa akisali mikono chini, kweli. Wameshabihiana hapo tu."

Mama akamtazama kaka, akarudi Kiswahilini.

"Hamkuniuliza, na mie nikanyamaza. Nimekula chakula chini ya huyu bwana mwaka mzima, watu wananambia babako mzuri, babako mweupe. Leo nnaombewa kwa jina lake. Hilo siwezi."

Ami akasema sote ni watoto wa Adam. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba mtu akifika kwa Adam ziara imekwisha, na kweli, kabla sijamkalisha mama, walikuwa wanatafuta viatu.

Nataka niseme jambo hapa na nisilifanyie mzaha. Nilikuwa na mwaka mzima wa kumchimba Mfaransa. Nilimjua pua yake mtu aliyemkodi, nilijua sikio lake limechanika upande gani. Babu yangu mwenyewe sikuwahi kumwuliza mama alikuwa na uso gani. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, ninakaa dakika ishirini na tano kutoka kwake, na sikuuliza. Niliona haya, haya ya kweli, na mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Siku nne hakupiga simu mtu. Kaka alikuwa anapita sebuleni bila ya kumsalimia mama yake, akifanya ana haraka. Mpwa wangu alikwenda kazini, akarudi, akajifungia. Siku ya tano simu ikaja kwa wifi yangu, kutoka kwa mama wa mwanamume, na kaka akanipigia mwenyewe, kwa furaha iliyomsahaulisha kwamba hatusemezani.

"Wamekubali! Njoo!"

Nikaenda. Tulikaa majlisini, mama kwenye kiti chake, wifi pembeni, kaka kasimama katikati chini ya taa anatoa habari. Wamekubali. Binti mzuri, wazazi wazuri, hawana neno. Walikuwa na maombi mawili madogo tu. La kwanza, maneno ya bi mkubwa yabaki hapa hapa, yasirudiwe mbele ya jamaa. La pili, siku ya milka, siku ya kufunga ndoa, picha iwepo mahali pake na taa yake, maana jamaa wa milimani watakuja na ami alikuwa ameshawasimulia.

"Ami kawasimulia nini?" nikauliza.

"Kwamba baba yake alisali naye," kaka akasema, na hata yeye alitazama chini kidogo.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ami alikuwa ameshamwingiza mtu wa Mfaransa kwenye kumbukumbu za marehemu baba yake, na sasa alikuwa haoni njia ya kumtoa. Ilikuwa rahisi zaidi kumtoa mama yangu.

Mpwa wangu aliingia kaka akiwa bado anaeleza mambo ya viti. Macho yalikuwa yamevimba. Mchumba wake alikuwa amempigia pia, kumbe, na alimwambia kwa upendo kabisa kwamba ni picha tu, habibti, siku moja tu. Alipotwambia hivyo alinitazama mimi, kwa kuwa siku moja tu alikuwa ameiomba kwangu na mimi nikampa.

"Umesikia?" baba yake akamwambia. "Wamekubali."

"Nimesikia."

"Basi? Niwaambie waje lini?"

Alinyanyua mkono akaelekeza ukutani, kwenye joho la kijani na upanga na ndevu.

"Wakati wowote," akasema. "Waambie waje wamuoe yeye."

Kisha akakaa chini palepale, kwenye zulia, akalia. Hakulia kilio cha hasira. Alimpenda mtu yule, na alikuwa anamwacha huku anampenda, na sote tuliokuwepo tulilijua hilo. Mama aliinuka kwa mkongojo wake, akajishusha polepole mpaka akakaa zuliani karibu naye, mwanamke ambaye hajakaa chini miaka kumi kwa ajili ya magoti, akamvuta kichwa mapajani.

Kaka alibaki amesimama na simu mkononi. Alikuwa mtu mzima wa miaka sitini, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Mama, nitamwambia nini sasa mzee yule?"

Mama hakuinua uso. Alikuwa anampangusa mpwa wangu machozi kwa ncha ya shela.

"Mwambie kitukuu wa babangu kakataa."